Mstari Uliorukwa

Dalili ya mvua ni mawingu. Fizikia ya chembe ndogo kuliko atomu nayo hujengwa juu ya dalili, kwa maana chembe zenyewe hazionekani kwa macho. Miongoni mwa nguvu zinazozitawala kuna iitwayo nguvu dhaifu. Jina hilo hupotosha: udhaifu wake ni uchache wa matukio tu. Kaboni-14 iliyomo katika makaa huchukua takriban miaka 5,730 kupungua nusu. Hata hivyo, ni nguvu hiyo iwezayo kuigeuza nyutroni kuwa protoni.

Mwanafunzi mmoja wa fizikia alikuwa likizoni Kiritiri, katika nchi kame ya Wambeere, mzee wa Kikamba kutoka ng'ambo ya mto Tana alipomuuliza chuoni husoma nini. Lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili. Istilahi hazikumkosa kijana; sentensi ndizo zilizomkosa. Akaokota kipande cha kaa, akachora juu ya karatasi mchoro wa aina iliyobuniwa na Mmarekani Richard Feynman mwishoni mwa miaka ya 1940.

Mstari mmoja ulipanda: nyutroni ndani ya kaboni-14. Kwenye nukta fulani ukawa protoni, na kaboni ikawa naitrojeni. Kutoka nukta hiyo ulichipuka mstari wa mawimbi, yaani chembe W, iliyogunduliwa katika maabara ya CERN mwaka 1983. Ncha ya mawimbi ikazaa mistari miwili. Mmoja aliuita elektroni.

"Na huu mwingine, kijana, mbona umeuruka?"

Ulikuwa wa antinyutrino. Milinganyo ya shuleni aghalabu huiacha, maadamu haibadilishi hesabu ya chaji wala ya uzito. Lakini mwaka 1930 Wolfgang Pauli alipendekeza kuwapo kwa chembe ya namna hiyo, kwani bila yake hesabu ya nishati haikutimia. Clyde Cowan na Frederick Reines waliithibitisha mwaka 1956. Katika mchoro, kishale chake huelekezwa kinyume cha wakati, ishara kwamba ni chembe kinzani.

Mitihani ya Kiingereza haikuwa imemdai kijana huyo maelezo hayo. Swali la Kiswahili lilimdai. Hapa pana funzo kwa wakuzaji wa lugha. Kukusanya istilahi ni kuorodhesha chembe, ilhali kueleza ni kuchora mistari inayoziunganisha. Kiswahili kitakuwa lugha ya sayansi pale kitakapotumiwa kuuliza, si kutaja tu.