Samaki Wasioliwa

Tabora ni mji uliozoea kupitiwa. Kabla ya reli, misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika hapa Unyanyembe, kisha ikaendelea na safari hadi Ujiji. Pembe za ndovu ziliteremka pwani; shanga, nyaya za shaba na nguo za merikani zikapanda bara. Mwaka 1912 reli ilifika Tabora, na mwaka 1914 ikafika Kigoma, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Vitu vinaingia, vitu vinatoka, nasi wenyeji tunavitazama vikipita. Si ajabu, basi, kwamba hata uraibu wangu wa kufuga samaki wa mapambo hapa Isevya umenirudisha kwenye njia hiyo hiyo.

Nina tangi la kioo sebuleni, na samaki wengi waliomo wametoka ng'ambo. Jirani yangu, mzee wa makamo ya baba yangu, alipoingia kwa mara ya kwanza alilitazama kwa muda mrefu, akaniuliza, "Mwanangu, hawa wanapikwaje?" Nikamwambia kuwa hawaliwi. Akatikisa kichwa. "Wewe unawalisha wao. Wao wanakulisha nini?" Katika mji unaopokea dagaa na migebuka wa Kigoma, samaki asiyeliwa ni mgeni anayehitaji kujieleza. Swali lile halikuwa mzaha, nami nimelibeba tangu siku hiyo.

Nianze na safari yenyewe, maana wengi hudhani samaki hai hasafiriki. Samaki wengi wa mapambo wanaouzwa duniani hupitia Singapore, ambako hukusanywa na kutawanywa kwa ndege. Kabla ya safari samaki hunyimwa chakula siku moja au mbili ili tumbo liwe tupu na asichafue maji. Hutiwa katika mfuko wa plastiki wenye maji kiasi cha theluthi moja, sehemu iliyobaki ikajazwa oksijeni, na mfuko ukafungwa na kupangwa ndani ya sanduku la povu jeupe linalohifadhi joto. Hapo hana anachohitaji isipokuwa giza na utulivu. Kutoka Dar es Salaam hadi kwetu kuna kilomita zaidi ya 800, na safari hiyo aghalabu ni ngumu kwa samaki kuliko kuvuka bahari.

Hatari kubwa huja wakati wa kufungua mfuko. Samaki akipumua ndani ya mfuko hutoa hewa ya ukaa, nayo huyatia maji uchachu. Uchachu huo huifanya amonia inayotoka mwilini mwake isiwe kali. Mfuko ukifunguliwa na kuachwa wazi, hewa ya ukaa hutoka, uchachu hupungua, na amonia iliyokuwa imelala huamka ikawa sumu. Samaki aliyestahimili mabara mawili anaweza kufa mbele ya mwenyewe, akiwa amekwisha fika. Kwa hiyo mfuko huelezwa juu ya maji ya tangi ungali umefungwa, hadi joto lilingane. Kisha hufunguliwa na samaki kuhamishwa upesi kwa wavu, na maji ya safari humwagwa mbali. Umeme nao ukikatika usiku, lazima pawe na pampu ya hewa ya betri. Mwenye uraibu huu hujifunza kulala usingizi mwepesi.

Lakini jambo lililonishangaza zaidi lilikuwa maji. Samaki wa mito ya Amazoni, kama neoni na diskasi, wanapenda maji laini yenye uchachu kidogo. Maji ya mvua ninayokinga kwenye mapipa wakati wa masika huwafaa, baada ya kuyatengeneza kidogo tu. Samaki wa Ziwa Tanganyika wanataka kinyume chake: maji mazito yenye chumvichumvi za mawe, yenye pH inayokaribia 9. Ziwa lile liko umbali wa kilomita 400 hivi kwa reli, na hali samaki wake ni wagumu kufugwa Isevya kuliko wale wa ng'ambo ya Atlantiki. Ujirani wa ramani si ujirani wa maji.

Na samaki hao wa ziwa letu, huko nje ni wageni wa heshima. Tangu miaka ya 1970 Mbelgiji mmoja, Pierre Brichard, alikuwa akiwasafirisha kutoka Bujumbura hadi Ulaya na Marekani, na kitabu chake cha mwaka 1978 kiliwafanya wafugaji wengi waliote ziwa hilo. Kigoma, na Mpulungu upande wa Zambia, nako wamesafirishwa. Yuko Tropheus duboisi, ambaye angali mdogo ni mweusi mwenye madoa meupe kama usiku wenye nyota, na akikua madoa yote hutoweka. Wako wadogo wanaoishi na kulea watoto ndani ya makombe ya konokono waliokufa. Yupo mwenye nundu kichwani, Cyphotilapia frontosa, anayetembea majini polepole kama mzee wa baraza. Watu wa Ujerumani na Japani wamewazalisha samaki hawa majumbani mwao kwa vizazi, huku watoto wa Tabora wakimjua samaki wa Tanganyika kama dagaa mkavu tu.

Hapo ndipo swali la jirani yangu linapoanza kupata jibu. Samaki wa mapambo huweza kumlisha mtu, ila kwa njia ya mzunguko. Mji wa Barcelos, kwenye mto Rio Negro huko Brazili, umeishi kwa miaka mingi kwa kuvua kadinali, samaki mwekundu mdogo kuliko kidole cha mtoto. Mvuvi wa huko ana sababu ya kutaka msitu ubaki, maana samaki wake huishi katika msitu uliofurika maji. Mapato yake hutegemea mti uliosimama.

Hata hivyo, Tropheus si kadinali. Kadinali huzaliana kwa wingi. Tropheus jike hutaga mayai machache, akayabeba kinywani kwa takriban mwezi mzima. Tena huishi kwenye mawe, wala hapendi kuvuka mchanga, ndiyo sababu kila ufuko una kabila lake lenye rangi zake. Ufuko mmoja ukikombwa, hakuna wa jirani atakayekuja kujaza pengo upesi. Biashara inayofaa mto mmoja yaweza kuwa wizi katika ziwa jingine, ijapokuwa mifuko na masanduku ni yale yale.

Upande wa uingizaji nao una hesabu yake. Gugumaji lililokuja kulisumbua Ziwa Viktoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 asili yake ni Amerika Kusini, na lilitawanywa duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake. Katika Ziwa Nyasa, upande wa Malawi, wafanyabiashara wa samaki wa mapambo waliwahamisha samaki kutoka sehemu nyingine za ziwa hilo hilo hadi kisiwa cha Thumbi Magharibi. Wakaenea, nao wapo hadi leo. Ziwa ni lile lile, lakini waliofika hapo walikuwa wageni.

Kijana mmoja wa mtaani, mwenye moyo mwema, aliniomba gapi waliozidi akawatie katika Bwawa la Igombe, wapate nafasi ya kutamba na kula viluwiluwi vya mbu. Nilimchukua, tukaketi na ramani. Nikamwonyesha kwamba maji ya mto Igombe huelekea magharibi hadi Malagarasi, na Malagarasi humwaga maji yake Ziwa Tanganyika. Akafuata mstari kwa kidole, kituo kwa kituo, akasema, "Kumbe bomba la nyumbani kwako linafika Kigoma." Sikuwa na la kuongeza.

Ndiyo maana nyumbani kwangu maji ya tangi humwagwa kwenye miche ya miembe, mbali na mtaro, na samaki waliozidi hupewa wenye matangi tu. Kibali cha kuingiza samaki hai hutafutwa kabla ya kuagiza, wala si baada ya sanduku kufika. Na Tropheus bado sijamnunua. Nikimpata aliyezaliwa tangini nitamlipia kwa furaha. Wa ufukoni naona afadhali abaki kwenye mawe yake. Nilimweleza mzee haya yote. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akavuta kiti karibu na kioo, akaomba nisizime taa.