Sensa Mbili Chini ya Kitanda

Taa ya injini kwenye pikapu ya bi mkubwa iliwaka Jumatatu alfajiri, tukiwa njiani kwenda soko la Mabibo kufuata ndizi. Ile ya njano. Bi mkubwa akauliza, "Hiyo nini tena?" Mimi, niliyesoma ufundi mwaka mmoja tu, nikajibu kama profesa: "Sensa ya oksijeni hiyo, mama. Itatunywea mafuta bure."

Kifaa cha mshikaji wangu kilitoa P0141, namba ya hita ya sensa ya nyuma. Sensa hizi zinakaa kwenye egzosi, zinanusa oksijeni iliyobaki kwenye moshi na kutoa umeme kiduchu: karibu volti 0.1 hewa ikizidi, karibu 0.9 petroli ikizidi. Bila joto la nyuzi 300 hivi hazifanyi kazi, ndiyo maana zina hita ndani. Si kitu kipya. Bosch na Volvo waliziingiza barabarani mwaka 1976. Huku kwetu risasi iliyokuwa kwenye petroli ilikuwa inaziua, mpaka Afrika kusini mwa Sahara ilipoachana nayo mwanzoni mwa 2006.

Sasa sikia. Sensa ya mbele ndiyo inayopanga mchanganyiko wa hewa na petroli. Ya nyuma kazi yake kubwa ni kuchunga kile kichungi cha moshi. Kwa hiyo hoja yangu ya kunywa mafuta ilikuwa uongo, na nilijua. Nilitaka tu kufungua gari peke yangu, mtaa unione.

Jirani yetu, fundi wa siku nyingi, alipita akasema, "Mjukuu wangu, pima waya kwanza." Nikaitikia, "Sawa, babu." Sikupima.

Wiki ile bi mkubwa alikuwa amepokea mchezo, pesa aliyoitenga kwa ada ya mdogo wangu. Akanihesabia 240,000. Nikaenda Gerezani nikanunua sensa mbili, maana kubadilisha moja niliona haina heshima.

Kazi yenyewe ilikuwa tamu, nisidanganye. Nikazuia magurudumu kwa mawe, nikawasha injini dakika chache chuma kipate joto kidogo, nikazima, nikapulizia dawa ya kutu, nikalala juu ya gunia. Spana namba 22, na kipande cha bomba cha kuongezea nguvu. Ya mbele ikatoka kistaarabu. Ya nyuma ikagoma, bwana! Niling'ang'ana mpaka ngozi ya vidole ikabaki kwenye chesisi. Ilipoachia ikalia "ka!" kama mfupa. Nikapaka nyuzi za ile mpya grisi ya kuzuia kukamatana, nikichunga isiguse ncha, nikakaza, nikafuta kodi. Taa ikazimika. Jioni nikakaangiwa kuku.

Alhamisi taa ikarudi. P0141 ileile.

Usiku nikatoka kimyakimya na tochi na mita. Ufunguo ukifunguliwa, plagi ya sensa ya nyuma ilitakiwa kusoma volti 12. Ikasoma sufuri. Nikaufuata waya kwa kidole mpaka juu ya giaboksi: panya kautafuna, shaba inachungulia. Nikaunga, nikazungushia tepu. Dakika kumi. Halafu nikapima hita za sensa za zamani. Ya nyuma, omu 13. Ya mbele nayo nzima.

Asubuhi bi mkubwa akatazama dashibodi, hakuna taa. Akanipiga begani: "Fundi wangu." Nikatazama barabara.

Ada ililipwa kwa pesa ya kukopa kwa shangazi, na deni hilo bado analipa kidogo kidogo, kila tukitoka Mabibo. Nami namuendeshea bila kudai hata nauli. Sensa zile zimo kwenye kopo la Blue Band chini ya kitanda changu. Bi mkubwa hasomi magazeti kama haya. Mdogo wangu anasoma, tena kwa sauti.