Msumeno Uliokataa Kuuzwa kwa Kilo

Wanafunzi wa zamani wasomao gazeti letu bila shaka wataukumbuka ule msumeno wa meza wa karakana ya juu, karibu na tangi la maji. Madawati mengi tunayokalia hata leo mbao zake zilipasuliwa nao. Ulifanywa na kiwanda cha Wadkin, mjini Leicester, Uingereza, na mwili wake ni wa chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Mwaka huu karakana mpya ilipomalizika kule bondeni, mnunuzi wa vyuma vikuukuu alikuja kuutazama, akataja bei yake kwa kilo. Fundi wetu mzee akamjibu kwamba mashine haiuzwi, itashuka. Basi sisi vijana tisa wa useremala tukapata kazi.

Shauri letu la kwanza lilikuwa kuita watu ishirini, tuubebe kwa wimbo. Mzee akakataa katakata. "Mmoja akiteleza," alisema, "mzigo wamwangukia jirani yake." Akatupa futi ya kupimia, tukahesabu. Lita moja ya chuma hicho hupata kilo 7 na zaidi. Uso wa meza una sentimita 90 kwa 70, na unene wa 3. Huo peke yake wapita kilo 130, na kitako chini yake ni kizito zaidi! Wimbo haukutajwa tena.

Kwanza umeme ulikatwa na nyaya zikafunguliwa. Tuliondoa bamba lenye meno tukalifunga katika gunia, kisha ukanda, mota, na uso wa meza. Chuma cha namna hii ni kigumu, lakini hakipindi. Kikianguka hupasuka kama chungu, na kukichomelea si kazi ya kila mtu. Kwa hiyo mashine kama hii hainyanyuliwi kwa kushika meza wala gurudumu la mkono, bali kwa kitako chake.

Wenzo tuliufahamu darasani, ila nadhani wengi wetu hatukuusadiki. Mtaimbo wetu ulikuwa wa sentimita 150, na egemeo tuliliweka sentimita 10 tu toka ncha yake, hata nguvu ikazidi mara 14. Kijana mdogo kuliko wote aliukandamiza, na upande mzima ukainuka! Kila ulipoinuka kidogo, kibao kilisukumwa chini yake kwa fimbo. Hivyo, upande huu na upande huu, tukapata nafasi ya kuingiza mabomba matatu ya chuma, na la nne la kupokezana: linalotoka nyuma hupelekwa mbele.

Tulikuwa tumepatana kwamba mtu mmoja tu ndiye atoaye amri, lakini neno "Simama!" ni ruhusa kwa ye yote. Mlangoni bomba moja lilikwenda upande, na mwenzetu wa kidato cha pili akainama alinyoshe kwa mkono. "Simama!" Sote tukaacha. Vidole vyake vilikuwa karibu kabisa na bomba. Mimi ningalimfukuza. Mzee alimpa kipande cha mbao cha kunyoshea, akamwambia aendelee.

Mteremko ndio uliotuogopesha zaidi, kwa maana hapo mzigo hausukumwi, huzuiwa. Tulitandika mbao nene njiani, tukafunga kamba kwenye kitako na kuizungusha mara tatu katika shina la mvule. Kwa mizunguko hiyo vijana wawili waliulegeza mzigo wote shibiri kwa shibiri, na kabari zikawekwa mbele ya mabomba, upande wa chini. Upande wa chini hakuruhusiwa mtu kusimama, hata Padre alipokuja kutazama aliambiwa azunguke. Akazunguka.

Mita sitini zilitutwaa tangu saa mbili asubuhi hata saa kumi. Jumatatu yake uso wa meza ulirudishwa, ukasawazishwa kwa pimamaji, na ubao wa kwanza uliopasuliwa ulikuwa wa mlango wa karakana yenyewe.