Sitaha na Sifa Yake

Sitaha ya jahazi huzeeka kama kichwa cha mtu. Jua huvunja kile kinachoshikanisha nyuzi za mti, mvua huzichukua, na ubao uliokuwa mwekundu huota mvi. Lakini mvi haisemi kama mti ulio chini yake ni mzima au mbovu.

Nahodha mmoja wa Lamu alipandisha jahazi lake pwani. Mwanawe alitaka sitaha ipakwe sifa, yaani mafuta ya papa, siku ile ile. Shehena ilikuwa ikingoja, na nyumbani unga umekwisha. Mzee akatwaa kisu, akachoma ubao mmoja mmoja. Mitatu ya kwanza ilikikataa. Wa nne ulikimeza mpaka mpinini.

"Baba, sifa itaufunika."

"Mwanangu, sifa huulinda mti mzima; mti mbovu huuficha tu, na bahari haifichwi kitu."

Waliung'oa, wakatia mvule, wakakalafati nyufa kwa pamba iliyochovywa mafuta. Wakaosha chumvi kwa maji matamu, wakangoja pakauke, maana ubao uliojaa maji haunywi mafuta. Wakaparuza kwa kufuata nyuzi, ndipo wakapaka sifa nyembamba. Shehena ilikwenda na mwingine. Wao wakala unga wa kukopa.

Wimbi la kwanza lilipofunika sitaha, kijana alishuka ngamani na taa. Palikuwa pakavu.

Lugha yetu ina sifa ya mafuta na sifa ya maneno. Mwenye hekima hutanguliza kisu kabla ya zote mbili.