Daftari la Bibi

Malindi, Unguja, 4 Juni

Leo tumefungua sanduku la bibi. Chini ya kanga limo daftari la harusi ya shangazi: nani kaleta pishi ngapi za mchele, nani kanga, nani shilingi. Kiswahili kitupu, kwa herufi za Kiarabu, mistari imenyooka. Na bibi, aliyeyaandika haya yote, ofisi moja ya mjini ilimwambia aweke dole gumba, fomu ikajazwa kuwa hajui kusoma. Hasira zile hazijanitoka.

6 Juni

Nimepita Mkunazini. Nyuma ya madhabahu ya kanisa kuu amezikwa Askofu Steere, aliyefariki 1882. Kitabu chake cha sarufi ya lugha ya Unguja kilitoka 1870, miaka 20 kabla ya Waingereza kututia chini ya himaya yao. Alijifunza kwa wenyeji, na alijifunza vizuri, hilo simnyimi. Lakini herufi za Kirumi za wamisionari ndizo zilizoshikwa baadaye na serikali, shuleni na maofisini. Waliosoma chuo cha Kurani, wakaandikiana barua na madeni maisha yao yote, wakahesabiwa wajinga.

9 Juni

Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulikiteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, kikawekwa kando pamoja na washairi wake wote. Mwaka 1930 kamati ya lugha ikaanza kazi. Sisi wa mjini tunajivunia mpaka leo. Kiunguja gani lakini? Cha bandarini. Watu wa Makunduchi na Tumbatu hakuna aliyewauliza. Mwenzangu wa Makunduchi kanambia mwanawe karudi shule analia, kakosolewa maneno anayoyasikia kwa bibi yake kila siku. Himaya ilikwisha 1963. Wembe ni ule ule.

12 Juni

Usiku nimemsikiliza mwimbaji Siti binti Saad. Mwaka huohuo wa 1928, huyu mtoto wa Fumba, aliyekuwa akiuza vyungu, alikwenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili, ilhali taarabu ya kasri ilikuwa ya Kiarabu. Wimbo wake "Kijiti" nimeurudia tena na tena. Muuaji anatoroka, wanawake waliotoa ushahidi ndio wanaofungwa. Hiyo ndiyo mahakama ya wakoloni, imesemwa kwa lugha ya mitaa ya Ng'ambo, na kila mtu kaielewa. Nitamwomba mwalimu wa mwanangu awapigie darasa zima wimbo huu, kisha awaulize watoto nani alihukumiwa, na kwa nini.