Sikio la Thérèse Gondrée

Katika Kiswahili chetu cha Kongo, mtu akitaka kujua kama unaifahamu lugha fulani, mara nyingi hakuulizi kama unaisema. Anakuuliza: unasikia Kilega? Unasikia Kifaransa? Kitenzi hicho kimoja kinabeba sauti inayoingia sikioni na maana inayobaki kichwani. Lakini tukishaingia katika darasa la isimu tunakiacha mlangoni na kuanza kuhesabu wasemaji. Mimi nataka kukirudisha ndani, kwa kupitia habari ya vita vilivyopiganwa mbali na kwetu, usiku wa tarehe 5 kuamkia 6 Juni 1944, katika kijiji cha Bénouville, kaskazini mwa Ufaransa. Habari hiyo niliianza kwa sababu ya ndege. Nilibaki nayo kwa sababu ya mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza vinywaji kando ya daraja.

Kati ya mji wa Caen na bahari kuna njia mbili za maji zinazokwenda sambamba: mfereji wa Caen na mto Orne. Barabara moja inazivuka zote mbili, kwa daraja la Bénouville juu ya mfereji na kwa daraja la Ranville juu ya mto. Alfajiri ya tarehe 6, majeshi ya Uingereza, Marekani, Kanada na washirika wao yalikuwa yashuke kwenye fukwe za Normandie. Waingereza walipanga kushusha divisheni yao ya 6 ya askari wa angani upande wa mashariki wa mto, ili izuie vifaru vya Wajerumani visiwapige ubavuni wale wanaotoka baharini. Madaraja yale mawili ndiyo yaliyokuwa njia ya kuwaunganisha askari hao na wenzao wa ufukweni. Yakivunjwa, divisheni nzima ingebaki imezingirwa, maji mgongoni. Wajerumani walilijua hilo, na walikuwa wamekwisha kuyaandaa madaraja ili yaweze kulipuliwa. Kwa hiyo haikutosha kufika. Ilibidi kufika kabla mtu hajapata nafasi ya kubonyeza kitufe.

Askari wa miavuli hutawanyika na upepo, na huchukua muda kukusanyika gizani. Ndiyo maana kazi hii ilipewa planeri, yaani ndege zisizo na injini, ambazo huvutwa kwa kamba na ndege nyingine kisha huachwa zishuke zenyewe kimyakimya. Zilikuwa sita, za aina ya Horsa, zimetengenezwa kwa mbao, kila moja ikibeba karibu watu thelathini. Kiongozi alikuwa Meja John Howard wa kombania D ya kikosi cha Oxfordshire and Buckinghamshire, akiwa na wahandisi wa kijeshi wa kukata nyaya za baruti. Planeri tatu ziliandaliwa kwa ajili ya mfereji, tatu kwa ajili ya mto. Waliondoka uwanja wa Tarrant Rushton, Uingereza, muda mfupi kabla ya saa tano usiku. Njiani waliimba. Karibu na pwani ya Ufaransa kamba zilifunguliwa, na nyimbo zikakatika.

Kuanzia hapo marubani walikuwa na saa ya mkononi, dira, na mwanga kidogo wa mwezi. Sajini Jim Wallwork alikata kona zake kwa kuhesabu sekunde, na saa sita na dakika 16 usiku akaiangusha planeri ya kwanza makumi machache tu ya mita kutoka daraja la mfereji, pua yake ikiwa imeingia katika seng'enge. Yeye na mwenzake walirushwa nje kupitia kioo cha mbele. Saa ya Howard ilisimama kwa kishindo hicho. Mlinzi wa Kijerumani aliyekuwa darajani alisikia kelele, akadhani ni kipande cha ndege ya mabomu kilichodondoka. Usiku wa aina hiyo vitu kama hivyo vilikuwa vya kawaida. Alisikia sauti vizuri kabisa, ila hakuisikia maana yake.

Luteni Den Brotheridge aliwaongoza watu wake mbio kuvuka daraja na akapigwa risasi shingoni. Mkewe alikuwa mjamzito. Askari mwingine, Fred Greenhalgh, alizama katika kidimbwi pale planeri ya tatu ilipotua. Moja ya zile za mtoni ilipotea na kutua kando ya mto mwingine kabisa. Hata hivyo, kwa muda wa dakika kumi hivi, madaraja yote mawili yalikuwa mikononi mwa Waingereza, mazima. Wahandisi walikuta mabomu hayajafungwa. Yalikuwa yamewekwa ghalani karibu na hapo.

Msomaji wa historia angeishia hapa, au angeendelea hadi asubuhi, kwa askari wa miavuli waliokuja kuwasaidia na kwa kile kifaru kilichopigwa kwenye njia panda. Mimi nilirudi nyuma, kwa maneno.

Kwanza, kelele za kutambuana. Gizani, watu wa pelotoni tatu wakikimbia kutoka pande tofauti, risasi ya rafiki inaua sawasawa na ya adui. Basi kila pelotoni ilipiga kelele jina lake kwa kutumia alfabeti ya redio ya wakati huo: Able, Baker, Charlie. Ukiyatafuta katika kamusi utapata mwenye uwezo, mwoka mikate na jina la mwanamume. Usiku ule yalikuwa na maana moja tu: ni sisi, msitupige.

Halafu kuna ujumbe wa ushindi. Ilikubaliwa kwamba daraja la mfereji likitekwa zima, neno ni Ham, ambalo kwa Kiingereza ni paja la nguruwe. La mto likitekwa zima, neno ni Jam, yaani konfitiri. Koplo Ted Tappenden alikaa na redio yake akirudia Ham na Jam, Ham na Jam, kwa muda mrefu bila kujibiwa, mpaka akaanza kuyachanganya na tusi. Mwalimu yeyote wa isimu angeyafurahia maneno haya mawili. Yanatofautiana kwa sauti moja tu ya mwanzo, kama pata na bata kwetu. Kwa redio ya vitani, yenye mikwaruzo, huo ulikuwa uteuzi wa hatari: lingekuwa limetekwa daraja moja tu, msikilizaji angelijuaje ni lipi? Yaliokolewa na kuwa pamoja. Jozi ikitamkwa nzima, sauti moja ikimezwa na kelele, masikio ya upande wa pili hujaza pengo. Tunachokiita maana kilitegemea zaidi yule aliyekubaliana nawe mapema kusikiliza kuliko yule aliyetamka.

Hapo ndipo ninapofika kwa Thérèse Gondrée. Yeye na mumewe Georges walikuwa na mkahawa, au tuseme nganda ndogo ya kando ya njia, hatua chache kutoka daraja la mfereji. Walinzi wa daraja walikuwa wateja wao. Thérèse alitoka Alsace, jimbo ambalo Ufaransa na Ujerumani zimenyang'anyana mara kadhaa, na Kijerumani alikisikia vizuri. Wateja wake hawakulijua hilo. Walimwona ni Mfaransa wa kijijini anayeleta glasi na kuondoa glasi, wakazungumza mbele yake kama watu wanavyozungumza mbele ya meza. Alichokisikia alimpa mumewe. Georges, aliyewahi kufanya kazi katika benki ya Kiingereza mjini Paris na kujifunza Kiingereza huko, alikipeleka kwa mama aliyeongoza hospitali ya wazazi ya Bénouville, Madame Vion. Kutoka kwake kilikwenda kwa wapinzani wa Wajerumani mjini Caen, na kutoka Caen hadi Uingereza. Kati ya habari zilizofika, kwa mujibu wa masimulizi ya baada ya vita, ilikuwa mahali pa kitufe cha kulipulia daraja: ndani ya ngome ndogo ya saruji kando ya barabara. Ngome hiyo ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza askari wa Howard walivyovishambulia kwa maguruneti.

Usiku wenyewe, familia ya Gondrée ilijificha chini ya nyumba. Georges alisimulia baadaye jinsi askari wenye nyuso zilizopakwa weusi walivyofika mlangoni na kuuliza, kwa Kifaransa, kama kuna Wajerumani ndani. Alijibu, lakini moyo haukutulia, kwa kuwa Kifaransa hata adui anaweza kujifunza. Alitulia tu aliposikia mmoja akimwambia mwenzake neno la kawaida, la Kiingereza cha mtaani, ambalo hakuambiwa yeye. Sentensi waliyomtupia mlangoni haikumthibitishia kitu. Ile waliyosemeshana wao kwa wao ndiyo iliyomthibitishia. Hivyo katika nyumba moja, mke alivuna siri kwa kusikia lugha ambayo hakudhaniwa kuijua, na mume akapata amani kwa kusikia maneno yasiyomhusu.

Najua nitapingwa. Mtu atasema kwamba daraja lilitekwa na marubani waliotua gizani bila injini, na na vijana waliokimbia mbele ya bunduki, si na mwenye mkahawa. Ni kweli. Waingereza walikuwa pia na picha nyingi zilizopigwa kutoka angani. Lakini picha ya angani inaonyesha ngome. Haionyeshi kitufe kilichomo ndani, wala haisikii walinzi wanalalamikia nini wakishakunywa. Sidai kwamba sikio moja lilishinda vita. Nadai kwamba ujuzi wa lugha uliofanya kazi pale haukuwa na hata sentensi moja iliyotamkwa, na kwamba sisi, kwa vipimo vyetu vya sasa, tusingeuona.

Tufikirie mtafiti anayepita Bénouville mwaka 1943 na daftari lake. Anauliza: Madame, unasema lugha gani? Jibu la usalama lilikuwa Kifaransa. Angeandika: Gondrée, Thérèse, Kifaransa tu. Takwimu zake zingekuwa safi na za uongo.

Nasema hivi kwa sababu daftari la aina hiyo ni letu. Tunafundishwa, na UNESCO inasisitiza, kwamba lugha isiyopokewa na watoto iko hatarini. Kipimo hicho ni cha haki, sikibezi. Ila katika nyumba zetu nyingi, koko anasema Kilega, mjukuu anajibu kwa Kiswahili, na mazungumzo yanaendelea jioni nzima bila mmoja kumwomba mwingine arudie. Mjukuu huyo mara nyingi ni mimi. Katika dodoso nyingi ninazozisoma maktabani mimi ni sifuri: hasemi. Sisemi, kweli. Lakini koko akisimulia nani alimwoa nani na kwa mbuzi wangapi, hakuna kinachonipita. Kumwandika mtu wa namna hiyo katika safu moja na asiyejua lolote ni kupoteza kitu ambacho bado kipo, na ambacho pengine kingeweza kuamshwa.

Kuna jambo zito zaidi. Mashariki mwa nchi yetu, yeyote aliyewahi kusimamishwa kwenye bariere na watu wenye silaha anajua kwamba kuna siku ya kuonyesha unasikia lugha yao, na kuna siku ya kuweka uso kama ukuta. Watu wamehukumiwa kwa lafudhi. Wengine wamepona kwa sababu waliyaelewa maneno machache ambayo hayakukusudiwa wao, wakaondoka mapema. Mtu aliyeishi hivyo akiona mgeni na kalamu, akaulizwa lugha anazozijua, ana haki ya kujibu kama ambavyo Thérèse angejibu. Tunapomlazimisha, hatukusanyi data, tunamvua kinga.

Kwa hiyo, katika kazi yangu ya kumaliza masomo, nimeligawa swali la kwanza la dodoso. Safu ya kwanza inauliza lugha unazozisikia, ya pili lugha unazozisema, kwa mpangilio huo. Chini yake nimeacha mstari mmoja usio na swali, na nimeandika katika mwongozo wa wahoji kwamba mtu akiuacha mtupu, au akisema anajua Kiswahili tu, asihojiwe zaidi.