Mshipi wa Mwanangu

Nilikuwa nikikanda unga wa mahamri ya alfajiri mwanangu aliponijia jikoni, uso umemng'aa. "Mama, mjomba amekubali. Jumamosi nitakwenda naye kuvua jodari."

Sisi ni watu wa Shimoni. Mbele yetu kipo Kisiwa cha Wasini, na huku ndani ya miamba vijana huvua tasi na changu bila mzazi kukosa usingizi. Lakini jodari hapatikani hapo. Humfuata katika Mkondo wa Pemba, kwenye maji ya kina kirefu, ambako ndege wa baharini wakionekana wakirukaruka juu ya mawimbi, wavuvi hujua kwamba chini kuna kundi linalokula.

Nilimwambia, "Alhamdulillahi, babangu," kisha nikaugeukia unga ili asinione machozi. Nilikuwa nimeukumbuka mkono wa marehemu baba yangu. Siku moja alijizungushia mshipi mkononi apate kuushika barabara; samaki akazama ghafla, na mshipi ukaondoka na vidole viwili. Nilikuwa mtoto, nami nilimwona akijifunza upya kumega tonge la wali kwa vidole vitatu. Hakulalamika hata mara moja, lakini hakurudi tena bahari kuu.

Nilikuwa na shilingi 9,000 nilizodunduliza kwa mahamri. Mwanangu alitamani fimbo yenye mashine ya kukunjia mshipi, kama zile za mashua za watalii. Kaka yangu alipomsikia alicheka kwa upole. "Hiyo fedha haitoshi hata nusu ya fimbo yenyewe. Na wazee wetu wamevua jodari kwa mikono. Tutachagua vya kutosha, navyo viwe imara."

Tukavuka Likoni sote watatu, tukaingia katika duka la zana za uvuvi. Siku ile nilijifunza mengi. Nguru, alisema kaka yangu, ana meno kama msumeno, hivyo ndoana yake hufungwa kwa waya. Jodari hana meno ya namna hiyo, lakini macho yake ni makali. Akiuona waya hukigeukia chambo kisogo. Kwa hiyo tukachukua mshipi mnene wa nailoni, mita 200, na kwa upande wa ndoana nailoni angavu iliyo nyembamba zaidi.

"Mbona sehemu iliyo karibu na samaki ndiyo dhaifu?" nikauliza.

"Kwa sababu kikikatika kitu, dada, na kikatike kile cha bei ndogo. Tupoteze ndoana, tusipoteze mshipi wote."

Tukaongeza ndoana za duara, ambazo humnasa samaki pembeni mwa mdomo. Kiungo cha chuma kinachozunguka ili mshipi usijisokote. Chambo bandia cha umbo la ngisi. Na glavu nene. Kisha mimi nikanyoosha kidole kwenye jaketi la kuokolea maisha. Bei yake ilimeza zaidi ya theluthi ya fedha yangu. Mwanangu akanong'ona, "Mama, wenzangu watanicheka."

"Waache wacheke, babangu. La muhimu urudi uwasikie wakicheka."

Kilichobaki kilitosha barafu. Wanawake wenzangu, hili linatuhusu sisi wenye majiko: jodari akiachwa juani, nyama yake hufanya histamini, sumu inayowasha ngozi na kuumiza kichwa na tumbo, wala moto wa chungu hauiondoi. Ni lazima aingie kwenye barafu mara tu anapovuliwa.

Zana ya mwisho haikununuliwa. Kaka yangu aliomba dumu tupu la lita 20, lile la mafuta ninayokaangia mahamri. Akalifunga kwenye ncha ya mshipi, akamwambia mpwawe: "Samaki akikushinda, usipigane naye. Litupe dumu. Litaelea, nasi tutalifuata mpaka achoke. Na mshipi usiuzungushe mkononi, wala usiukanyage ulipojikunja chini."

Jumamosi waliondoka kabla ya alfajiri. Ulikuwa msimu wa kaskazi, bahari imetulia, lakini moyo wangu haukutulia. Nilikaanga, nikauza, nikaswali, nikatazama upeo wa bahari. Mashua ilitokea jua likikaribia kuzama.

Walileta jodari wawili wa kiasi, wamelala katika barafu. Mwanangu aliteremka ameinamisha kichwa. Alikuwapo wa tatu, mkubwa, aliyeuvuta mshipi wote kwa mkupuo mmoja. Akalitupa dumu. Walilifuata karibu saa nzima, na walipouvuta mshipi ulikuwa mwepesi: nailoni nyembamba ilikuwa imekatika.

"Nimempoteza, mama. Na ndoana pia."

Sikumjibu. Nilimnawisha mikono kwa ndimu kuondoa shombo, nikiufungua mkono mmoja baada ya mwingine, polepole. Vidole vilikuwa kumi.

Mama mwenzangu, mwanao atakapokuaga kwenda bahari kuu, mwombee dua, kisha ukague mfuko wake wa zana. Tawakkul yetu haikamiliki kwa kuacha fundo likiwa legevu. Jaketi liwe la kwanza, mshipi wa pili, na fahari ije mwisho ikiwa fedha itabaki.

Lile dumu bado lina harufu ya mafuta ya mahamri. Kila Ijumaa jioni ninalikagua kifuniko, nikakikaza.